Mwanangu anaandika "kete" akitaka kuandika "kiti"

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Ni fundi cherehani, na chumba changu cha kazi ndiyo sebule yetu. Baba watoto ni dereva wa lori, njia yake ni Tunduma, kwa hiyo nyumbani tunamwona siku chache kwa mwezi. Mkubwa wangu ni binti wa miaka saba, yuko darasa la kwanza. Mdogo wake wa kiume ana miaka minne na nusu, awali bado hajaanza.

Kwenye hizi mvua binti aliteleza akaangukia mtaroni, akavunjika muundi. Amefungwa hogo hadi juu ya goti na daktari amesema wiki sita asiende shule, maana shule yenyewe ni mwendo na njia ni tope tupu. Mwalimu wake wa darasa ana taarifa. Nikasema sawa, mimi nimemaliza kidato cha nne, darasa la kwanza litanishinda nini? Nitamfundisha mwenyewe, na mdogo naye ajifunze humo humo.

Sasa nikusimulie wiki ya kwanza ilivyokwenda.

Jumatatu nilichukua manila nikachora ratiba kama ya shule: Kusoma, Kuandika, Kuhesabu, Kiingereza, Afya na Mazingira, Sanaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Hadi sare nikamvalisha. Kufika saa tatu na nusu mdogo ameshachana daftari, mkubwa analia mguu unawasha ndani ya hogo, na mteja yuko mlangoni anaulizia gauni lake.

Jumanne hesabu. Nikampa 17 + 5. Akahesabu vidole, vikaisha, akanyamaza. Nikamletea kopo la vifungo, akapata jibu, lakini mdogo wake akalimwaga kopo zima chini ya cherehani. Tukaokota vifungo mpaka adhuhuri.

Jumatano ndiyo siku iliyonifanya nikuandikie. Binti alikuwa anasoma kitabu chake vizuri, ukurasa baada ya ukurasa, nami nimefurahi. Mdogo wake akafunika maneno kwa mkono. Binti akaendelea kusoma! Mwalimu, moyo ulinilipuka. Kumbe kitabu chote amekikariri. Nikachukua daftari, nikamwambia andika kiti. Akaandika "kete". Andika miti. Akaandika "mete". Andika pete. Akaandika "pata". Nikamsahihisha, nikarudia, nikapandisha sauti, mara ya nne nikamchapa na rula mkononi. Akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Hata mkono hakuutaja, alisema tu, "Mama, mimi ndivyo nilivyofundishwa." Miaka miwili iliyopita alikuwa nasari ya Kiingereza. Tulimtoa kwa sababu ya ada, mwaka huu tukampeleka shule ya serikali.

Alhamisi sikufundisha kitu. Umeme ulikatika na cherehani yangu ni ya umeme, tukakaa barazani. Baba yao akapiga simu akiwa Iringa. Binti akauliza Iringa na Chalinze wapi ni mbali, nikawachorea barabara sakafuni kwa chaki ya kukatia nguo, mdogo akawa anapitisha juu yake gari lake la vifuniko vya chupa. Siku ikapotea hivyo.

Ijumaa nilikuwa na sare za kwaya, watu kumi na wawili, za kukabidhi jioni. Nikawawashia katuni tangu asubuhi.

Mwalimu, niambie ukweli. Mwanangu ana tatizo la akili? Dada yangu anasema nimtafutie mwalimu wa tuisheni. Na mimi upande mwingine nawaza, kama shuleni hawakugundua kwamba hajui kusoma, namrudisha kufanya nini? Si bora nimtoe moja kwa moja nimfundishe mwenyewe, hata kama kufundisha kwenyewe sijui?

Mama wa Wawili, Tabata

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mguu wa mtoto, na pole kwa hiyo Jumatano.

Nianze na swali linalokunyima usingizi. Hapana, mtoto wako hana tatizo la akili, na ushahidi umeniandikia wewe mwenyewe bila kujua. Rudi uyatazame yale maneno matatu. Nasari walimfundisha herufi kwa majina yake ya Kiingereza, na kule E inaitwa "ii", A inaitwa "ei". Sasa mwambie aandike kiti. Anasikia k, halafu anasikia sauti ya "ii". Anajiuliza, herufi gani inaitwa "ii"? Ni E. Anaandika kete. Mwambie miti, safari ni ile ile, anaandika mete. Mwambie pete. Anasikia sauti ya "e", na herufi ambayo jina lake linakaribia sauti hiyo ni A. Anaandika pata. Amefuata kanuni moja kwenye maneno yote matatu na hakuteleza hata mara moja. Kanuni ni ya lugha nyingine, basi. Alipokwambia ndivyo alivyofundishwa, alikwambia kweli tupu.

Nilifundisha darasa la kwanza Temeke kwa miaka mingi, na kila Januari nilipokea watoto wa namna hii. Wengi walikuwa wepesi kuliko wenzao. Wepesi huo ndio unaowaficha, kwa sababu darasani mwalimu anasoma na watoto wanaitikia kwa pamoja, na mwenye kumbukumbu nzuri anaondoka na kitabu kizima kichwani. Nimewahi kuwa na watoto zaidi ya 80 kwenye chumba kimoja. Wapo niliowagundua Juni, na mpaka leo nawakumbuka kwa majina. Kwa hiyo usimhukumu mwalimu wake kabla hujamweleza ulichokiona. Wewe uliona kwa sababu ulikaa na mtoto mmoja, kitabu kimoja, na mkono wa mdogo mtundu.

Sasa tumrekebishe. Kiswahili kinamsaidia sana mtoto hapa: irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake moja popote utakapoikuta. Wiki hii sahau majina ya herufi kabisa. Usimwambie "bii", mtamkie sauti ya b peke yake, fupi, halafu igongane na a, iwe ba. Kata boksi la viatu vipande vidogo, andika a, e, i, o, u kwa kalamu nyekundu, na k, m, p, t kwa nyeusi. Hizo zinatosha kwa siku kumi.

Kisha mchezee maneno haya matano: pata, peta, pita, pota, puta. Umeona kilichobadilika? Irabu moja tu, na maana inahama nzima nzima. Na yote yanatendeka kwa mikono. Pata, mpe kifungo mkononi. Peta, chukua ungo na mchele. Pita, mdogo apite mbele yake, kwa sababu yeye ana hogo. Pota, na hapo wewe ni bingwa, pota uzi akiona. Puta ndilo gumu, watoto wa mjini hawalijui, ni kupiga kwa fimbo. Mpe mto uliojaa vumbi auputie barazani. Wewe unatenda, yeye anapanga vipande. Halafu mnageuza, yeye anapanga na mdogo anatenda. Mdogo hatajua kama anafundishwa, na atajifunza.

Lile neno alilokosea usilifute daftarini. "Kete" ni neno halali, nalo ni zuri. Kama kwa jirani wanacheza bao, azima kete mbili tatu. Weka kete juu ya kiti, mwambie aandike vyote viwili, aone mwenyewe ni kipi kilikuwa kimejificha nyuma ya kipi. Na ujiandae kusubiri. Kuna siku tatu au nne atarudi kwenye "ii" yake ya zamani. Ukinyamaza sekunde kumi atajisahihisha mwenyewe. Ukimsahihisha wewe kila mara, atakutazama usoni badala ya kutazama herufi, na huko ndiko kukariri kunakoanzia.

Kile kitabu alichokikariri kiweke kando kwa sasa. Msomee vingine, ila msome mambo asiyoyajua mwisho wake. Unazo khanga ndani, kila moja ina jina lake limeandikwa chini. Zitandaze kitandani, atafute silabi anazozijua humo. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo unaweza kuvisoma kwenye simu kupitia Maktaba Mtandao yao, bila kununua.

Kuhusu rula. Hukuniuliza, lakini hukuliandika lile bila sababu. Mwombe radhi mtoto. Kaa naye usawa wa macho yake, umwambie: "Nilikuchapa kwa kitu ambacho hukukosea. Ulikuwa umefuata ulivyofundishwa, mimi ndiye nilikuwa sijaelewa." Usitafute neno la kujitetea la kuongeza hapo. Mtoto wa miaka saba akichapwa kwa sababu ya herufi, anaiogopa herufi, na wewe huna nafasi ya kumwona darasani mwaka ujao anavyonyamaza pale mwalimu anaposema nani asome. Nimewaona hao. Mwombe radhi kabla ya somo lolote la Jumatatu.

Ratiba yako ya manila ibandue. Shuleni kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, na ndani ya hizo mwalimu anagawa madaftari, ananyamazisha, anasahihisha foleni ya watoto. Mtoto mmoja nyumbani akikaa dakika 15 za kusoma na 15 za hesabu, akili ikiwa mbichi, amefanya kazi kubwa. Fanya hivyo saa mbili asubuhi, kabla wateja hawajaanza kubisha na kabla hujawasha cherehani. Ukiona hasira inapanda, funga daftari hata kama dakika hazijaisha, mkamenye viazi. Na sare usimvalishe. Sebuleni wewe ni mama yake, naye anahitaji kukukuta pale pale.

Hayo mengine, Kiingereza, afya, sanaa, yaache yatoke kwenye nyumba yenyewe. Kwako yamejaa.

Chukua hesabu. Binti hakushindwa 17 + 5, alishindwa vidole, maana ni kumi tu. Una futi yako ya kushonea, ina sentimita 150. Inyooshe mezani, aweke kifungo kwenye 17, aruke hatua tano, asome alipofika. Keshokutwa aruke kurudi nyuma, ameshaanza kutoa. Na vile vifungo, kabla hamjaviokota tena chini ya cherehani, atunge kumi kumi kwenye uzi. Shada mbili na vifungo viwili, hiyo ni 22, ataiona kwa macho na kuishika. Nimefundisha makumi na mamoja kwa vifuniko vya soda na mbegu za ubuyu, na sijapata kifaa cha dukani kilichovishinda.

Na sasa Alhamisi, ambayo umeiandika kama siku iliyopotea. Mwanangu, hiyo ndiyo siku uliyofundisha vizuri kuliko zote! Mtoto aliuliza swali lake mwenyewe, ukalijibu kwa mchoro, na mdogo akatembea juu ya mchoro huo. Endelea nayo. Ichukue ile ile futi, mkubaliane kwamba sentimita moja ni kilomita kumi. Dar es Salaam iko kwenye sifuri. Morogoro itaangukia karibu na 20, Iringa karibu na 50, Tunduma itapita kidogo 90. Kata kipande cha kitenge kiwe lori, bandika pini. Kila baba akipiga simu, aulizwe yuko wapi, lori lisogezwe, na binti aandike jina la mahali kwa sauti zake mpya. Chalinze, pale barabara ya Tanga na Arusha inapochepuka. Mikumi, ambako barabara inakata katikati ya hifadhi na dereva anaweza kuona tembo akiwa kwenye usukani. Ruaha Mbuyuni, amuulize baba kama mibuyu ipo kweli. Kitonga, mlima wenye kona ambako malori yanapanda taratibu. Hapo baba atakuwa na hadithi, mwacheni asimulie. Umepata jiografia, kusoma, kuandika na hesabu, na watoto wamekuwa na baba yao wiki nzima. Mimi kwa hili la mwisho tu ningeifanya.

Somo la afya liko kwenye bahasha uliyopewa hospitali. Itoe picha ya eksirei, iinueni dirishani asubuhi jua likiwa kali. Aone mfupa mnene wa muundi, na ule mwembamba ulio pembeni yake, aone ulipokatika. Mweleze kwamba mtu mzima ana mifupa 206, na mtoto mchanga anazaliwa na mingi zaidi, mingine huungana anapokua. Mwambie mwili unajenga mfupa mpya pale palipovunjika, taratibu, sasa hivi wakati anakusikiliza, na kwamba dagaa anaowala na mifupa yao wanausaidia. Mtoto mwenye maumivu akielewa kinachoendelea ndani ya mguu wake, hofu inapungua. Achore huo mguu, na hapo Sanaa imeshaingia. Ule muwasho ni kawaida, ila asiingize kijiti ndani ya hogo. Vidole vikivimba, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, usisubiri kesho, mrudishe hospitali.

Kiingereza kipumzishe wiki mbili, herufi zikae sawa. Kikirudi, kiwe na daftari lake na rangi yake, na umwambie wazi kwamba hii ni nyumba nyingine, humu E ina desturi nyingine. Watoto wanaelewa jambo hilo haraka. Wanajua pia kwamba kwa bibi hawakai kama wanavyokaa kwao.

Ijumaa ya sare za kwaya wala usijilaumu. Zile nguo ndizo chakula chenu. Nusu saa ya asubuhi ikifanyika, katuni za mchana hazitamharibu mtoto. Ukitaka kubadilisha kidogo, mpe vipande vya kitambaa apange: chekundu, cheupe, cheupe, chekundu, na aendeleze mwenyewe. Mdogo naye muda wake ni huo huo, wa kuchambua vifungo kwa rangi na kusikiliza hadithi. Usimshikishe penseli kwa nguvu, ana miaka minne na nusu.

Tuisheni kwa sasa sioni sababu. Pesa hiyo nunua vitabu viwili vya hadithi na matunda.

Hilo la kumtoa shule moja kwa moja, nakusihi uliache. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria shule. Hata mtihani wa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, mtoto anasajiliwa kupitia shule yake. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, binti huyu amekaa ndani na mguu mzito, wenzake anawasikia wakipita na mabegi asubuhi. Waombe wazazi wawili watatu wa mtaani watoto wao wapite Jumamosi kumsalimia, waje na madaftari yao. Utaona pia shuleni wamefika wapi.

Wewe nenda kwa mwalimu wake wa darasa wiki hii, na barua ya daktari mkononi. Mpelekee lile daftari lenye kete, mete na pata. Mwoneshe, mweleze anavyoandika E pahali pa i, na A pahali pa e. Nakuhakikishia kama ni mwalimu wa darasa la kwanza atainua kichwa na kukutazama, kwa sababu atawakumbuka hapo hapo watoto wengine watano walio na jambo hilo hilo. Mwombe akuandikie silabi watakazofikia mpaka hogo lifunguliwe, ili siku binti anarudi asikute safari imemwacha.

Uniandikie baada ya wiki mbili, unitumie maneno aliyoyaandika, pamoja na aliyokosea. Hayo ya kukosea uyanakili kama yalivyo.